Jante za Kwenda Nyantende

Benchi letu liko Ibanda, kwenye kona ambapo mteremko unajiandaa kushuka ziwani, mbele ya ukuta wa nyumba ambayo wenyewe walihamia Kinshasa bila kumwachia mtu ufunguo. Kusema kweli si benchi. Ni ubao mrefu wa mkaratusi uliolazwa juu ya magurudumu manne ya gari, mawili yamebebana upande huu, mawili upande ule. Magurudumu yamefungwa magunia na kamba, mvua isiyaharibu, maana si ya kawaida: jante zake, vyuma vya katikati, ni za aluminiamu, kubwa, namba kumi na tano, quinze kama wanavyosema mafundi, na mwenyewe aliziagiza Bujumbura. Mwenyewe ni Citoyen Bisimwa, raia Bisimwa kama serikali inavyotaka tuitane, mwalimu wa hesabu, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Cinq kwa sababu ya Renault 5 yake nyeupe iliyoegeshwa hatua tatu kutoka kwenye mbabula yangu, jiko langu la makaa. Gari lenyewe ni dogo, lina mlango mmoja mkubwa nyuma unaofunguka kwenda juu, na jante zake ni za treize, kumi na tatu. Miezi mitano magurudumu makubwa yamengoja kufungwa kwenye gari dogo, na miezi mitano sisi tumeyakalia. Mimi nauza kahawa hapo tangu mume wangu aende Kamituga kutafuta dhahabu. Nina watoto watano na sina muda wa kubishana, lakini kusikia hakuzuii mkono kumimina.

Jumamosi ile tulikuwa tumerudi salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Tulikuwa tumezibua mfereji mpaka saa nne, majembe yakaegemezwa ukutani, na wanaume wakaketi kwenye ubao na matope yao.

— Leo njo leo, alisema Ingénieur. Leo kila mutu anasimama.

Ingénieur, yaani injinia, jina lake ni Évariste. Alilinda geti la karakana moja kwa miaka sita, na ufundi wote alionao aliupata kwa kugeuza shingo.

— Nasimama niende wapi? aliuliza Kapita. Miye minakunywa.

Kapita ni mzee Philémon, aliyesimamia wachuma chai mpaka shamba likakosa mwenyewe. Ana methali kwa kila jambo, ila methali na jambo hazijuani.

— Motokari inaenda Nyantende leo, mzee. Na inaenda na benchi.

— Benchi itarudi lini?

— Haitarudi. Itakuwa pine, gurudumu ya motokari.

— Mutu hakate tawi yenye anakalia, alisema Kapita.

— Hiyo ni ya kwanza umeweka fasi yake, alisema Douane, akanigeukia. Maman Delphine, andika.

Douane, yaani forodha, ni Gaston. Anavuka daraja la Ruzizi, mpakani, mara mbili kwa juma, na akirudi hakuna anayemuuliza amebeba nini. Jante ni yeye aliyezileta. Papa Cinq alimpa kamba yenye fundo mbili, akamwambia upana uwe kutoka fundo hili mpaka hili, na Douane alileta jante zinazolingana na kamba bila kuzidi hata unywele.

Kwa nini gari dogo lilihitaji magurudumu makubwa, hilo mtaa wote unalijua. Mwaka jana baba mkwe wa Papa Cinq, mzee Mushagalusa, alifariki kijijini kwao Nyantende. Papa Cinq na mke wake Adélaïde walitoka asubuhi kwenda maziko, kwa gari. Kwenye karatasi za serikali Adélaïde ana jina lingine, kama sisi wote siku hizi majina ya Kizungu yamekatazwa, lakini nyumbani ni Adélaïde. Kwenye kona ya mwisho, chini ya kilima, tumbo la gari lilipanda jiwe. Sahani ya mafuta ya injini ikapasuka na mafuta yote yakaenda njiani. Adélaïde akashuka, akatembea. Papa Cinq akabaki kulinda gari. Mke alifika kaburi limekwisha kufunikwa. Hakurudi tena mjini.

Gari lilivutwa mpaka hapa, sahani ikaungwa, na Papa Cinq akaapa kwamba halitapita tena njia ile mpaka liinuke kutoka ardhini. Toka hapo ni jante. Kwanza jante zilikosekana. Zilipopatikana, kriki ya kuinulia gari ikakosekana. Kriki ilipopatikana Ingénieur akaugua malaria, halafu ikaja Kwaresima, halafu Kapita alikuwa amekaa.

Lakini sasa siku zilikuwa zimekwisha. Kesho yake, Jumapili, familia ya Nyantende ilikuwa inaondoa kilio, kumaliza matanga ya mzee. Kaka za Adélaïde walikuwa wametuma neno: mume akionekana kwenye misa ya saa moja, atazungumza na mke wake. Asipoonekana, Jumatatu ng'ombe wa mahari anarudishwa kwa baba mdogo wa Papa Cinq. Na kwetu ng'ombe akirudi, hakuna maneno tena.

Papa Cinq alikuja saa tano, amevaa abacost, suti isiyo na tai, ya bluu, iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na viatu vyeusi vya ngozi nyembamba. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaweka ndani kitu kimoja tu: kikwembe kipya, kitenge cha mwanamke, kilichokunjwa kwenye gazeti. Kisha akaja kuchukua kahawa yake, bila sukari. Alipokuwa na mke alikuwa anatia vijiko viwili, kwa kuiba, maana Adélaïde alimkataza sukari. Tangu aondoke hakuna anayemkataza, naye hatii hata kijiko kimoja.

— Itainuka ngapi, Ingénieur? aliuliza.

— Vidole tatu. Tatu na nusu kama nyuma hakuna muzigo.

— Kuko kikwembe moja tu.

— Basi tatu na nusu.

— Jiwe ilizidi tumbo kwa vidole mbili, alisema Papa Cinq. Nilipima.

Alionyesha vidole viwili, akaviacha hewani kidogo, kama mtu anayeagiza kahawa mbili.

— Na si kuinuka tu, citoyen, aliendelea Ingénieur. Pine kubwa inazunguka mara kidogo. Ile saa ya kilomita mbele ya dereva inahesabu mizunguko. Mizunguko ikipungua, kilomita zinapungua. Na treize, Nyantende iko kilomita kumi na tano. Na quinze itakuwa kumi na tatu.

— Na zile mbili zinaenda wapi? niliuliza.

— Zinabaki chini ya pine, maman.

Nilimtazama mwalimu wa hesabu. Mtoto wangu wa tatu yuko darasani kwake, na kwa kosa dogo kuliko hilo alisimamishwa ukutani kipindi kizima. Papa Cinq alikuwa anatingisha kichwa taratibu.

— Karibu kumi na tatu, alisema. Ndiyo.

Mtu akitamani kufika, hesabu zinamtii.

— Hata kumi na tatu ni mbali kama motokari iko nzito, alisema Kapita. Munasahau gazi.

— Gazi gani?

— Ya ziwa. Bazungu walipima, walikuta chini ya ziwa yetu kumejaa gazi, ile hewa yenye inawaka. Na gazi kazi yake ni kupanda. Umeona povu yenye inashuka? Muchote ile gazi, muweke ndani ya pine. Motokari haitagusa jiwe.

— Itagusa nini?

— Itagusa njia kwa heshima tu.

— Na ikipita juu ya nyumba ya wakwe? aliuliza Douane. Atashukaje?

— Atatoa gazi kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mzee, hiyo ni ya kujaza. Yeye anatoa.

— Kibaba kikijaa si unamimina?

Kapita alikunywa kwa amani. Douane alisubiri amalize.

— Shida yenyewe hamuijue, alisema. Hizi jante zilikuwa za mukubwa moja kule Bujumbura. Zimezaliwa ndani ya lami, zimekomalia ndani ya lami. Zikiona matope ya Nyantende zitakataa. Jante ya aluminiamu ni sawa vile mutoto wa tajiri, haumuamushe tu umupe jembe.

— Zimekaa na sisi miezi tano, alisema Ingénieur. Zimesikia kila kitu. Matope gani itazishinda?

— Mumezikalia, hamukuzifundisha.

— Basi tusimame, alisema Papa Cinq. Tafazali.

Alisema polepole, na ndipo wote wakasimama. Hata Kapita, ingawa yeye alisimama akiwa ameshika ubao kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika mgeni asiondoke. Ubao ukaegemezwa ukutani karibu na majembe. Ingénieur alikata kamba. Magunia yakaanguka.

Niseme ukweli, zilikuwa nzuri. Ziling'aa kama sufuria za siku ya ubatizo. Miezi yote ile tulijua ziko ndani, lakini kujua si kuona. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni alisimama, na mtoto akanyoosha mkono. Papa Cinq alitoa kitambaa mfukoni akafuta moja, polepole, kuzunguka ukingo wote.

— Ataiona kutoka juu ya kilima, alisema. Jua ikiwa vile, ataiona mbele ya kusikia.

Ingénieur aliweka kriki, akazungusha, na gari likainua bega la mbele. Alifungua bulon, zile bolti za gurudumu dogo, akaziweka kwenye sinia langu la vikombe bila kuniomba: moja, mbili, tatu. Akatoa gurudumu dogo. Akainua kubwa, akalipeleka mahali pake. Akalizungusha kidogo kulia. Akalizungusha kidogo kushoto.

— Inakataa, alisema.

— Nilisema, alisema Douane. Lami.

— Sukuma, alisema Kapita. Mukono moja haichune ngombe.

Wakasukuma wawili. Wakasukuma watatu. Mimi niliangalia sinia langu, zile bulon tatu katikati ya vikombe, na nikaanza kuwa na wazo baya, lakini Papa Cinq alinitangulia. Alichuchumaa, abacost ikajikunja magotini. Aliweka kidole kwenye matundu ya jante, moja baada ya jingine, kama anavyowahesabia watoto wadogo. Kisha akaweka kidole kwenye gari.

— Nne, alisema. Na tatu.

Pikipiki moja ilipanda mteremko, ikapita, sauti yake ikaisha.

— Miezi tano, nilisema mimi.

— Zilikuwa ndani ya gunia, alisema Ingénieur.

— Na mbele ya gunia? Douane, wewe ulizibeba mikononi.

— Maman Delphine, mimi nilitumwa na kamba. Kamba inapima upana, haihesabu matundu. Tundu ni tundu. Mwalimu wa hesabu ni yeye.

Papa Cinq hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alibaki amechuchumaa, kidole bado kwenye tundu la nne, lile lisilo na mwenzake.

Ndipo ukaanza ule wakati ambao hapa kijiweni tunauita mvua ya mafundi. Ingénieur alisema kuna mhunzi kule Kadutu, anaweza kukata sahani ya chuma yenye matundu matatu upande wa gari na manne upande wa jante, na gari likaamini kwamba ni jamaa. Siku ngapi? Mpaka Alhamisi. Alhamisi ng'ombe atakuwa amekwisha kurudi. Basi, alisema Kapita, tumuombe jirani bulon moja, tuichomee kwenye gari. Penye tatu, ya nne haikose kiti. Ichomewe wapi, mzee, wakati hakuna nafasi? Ibanane. Douane alisema hiyo yote ni kazi bure: jante ni mpya na gari ni kuukuu, mtu mwenye akili habadilishi kitu kipya kwa ajili ya kitu kuukuu. Ni kutafuta gari lenye bulon nne.

— Mpaka kesho asubui? niliuliza.

— Kwa daraja, kila kitu inawezekana.

— Miye nasema tuondoe jiwe, alisema Ingénieur ghafla. Tunatafuta kuinua motokari, kumbe ni kushusha jiwe.

Lilikuwa wazo la kwanza lenye miguu. Papa Cinq aliinua kichwa.

— Jiwe iko Nyantende, alisema Kapita. Ni salongo ya bantu ba Nyantende. Sisi ya kwetu tumefanya leo. Kila ndege na kiota yake.

— Kweli, alisema Ingénieur, na wazo likafa hapo hapo.

Mimi sina subira na mambo kama hayo.

— Papa Cinq, nilisema, pale chini lori za kwenda upande ule zinapakia mpaka saa nane. Panda lori.

— Nishuke juu ya lori, maman? Sawa vile gunia ya muhogo? Mbele ya kaka zake?

— Mhogo unafika.

Alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaja karibu na mbabula, akaniambia mimi, si wao, ingawa wao walisikia.

— Wewe unajua, Maman Delphine. Jioni nikitoka kazini, sikupiga honi hata siku moja. Alikuwa anasikia motokari ikikata hii kona, anaweka maji kwa moto. Nikiingia, maji iko inaimba. Anaijua sauti yake katikati ya sauti kumi. Kule kwao nyumba iko juu, kila kitu chenye kinapanda kinasikika. Mwaka muzima najiambia: anasikia lori, hainue kichwa. Anasikia Jeep ya bapadri, hainue kichwa. Mimi nataka asikie hii. Nataka asikie inapita jiwe, inapanda, haisimame.

Nilikuwa na mtoto wa shule wa kufulia sare na kahawa ya vikombe vichache tu kwenye birika. Lakini niliipuliza mbabula, kwa sababu macho yalihitaji kisingizio cha moshi.

Saa nane ilifika, tukasikia lori la mwisho likinguruma kule chini na kuondoka. Gari lilikuwa bado juu ya kriki, mguu mmoja juu, kama kuku anayelala. Wanaume walikuwa wamesimama kwa sababu hakukuwa tena na pa kukaa, na mabishano ya kusimama yanachosha kuliko ya kukaa. Walikuwa wamerudi kwenye gazi ya ziwa.

Hapo ndipo alifika yule mama.

Alikuwa mwanamke wa shamba, wa umri wa mama yangu, kapu tupu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka sokoni kuuza ndizi. Aliteremsha kapu, akaangalia huku na huku, akaketi juu ya gurudumu mojawapo la aluminiamu bila kumuuliza mtu, akanyoosha miguu. Vidole vya miguu vilikuwa vimepasuka kama udongo wa Julai.

— Kahawa iko? aliniuliza.

— Iko ya mwisho mwisho, maman.

— Nipe ya mwisho. Hii kiti yenu iko baridi.

— Si kiti, alisema Ingénieur. Ni jante, maman. Ya motokari ile.

— Mbona haiko kwa motokari?

— Tunatafuta namna. Motokari inaenda Nyantende.

— Miye natoka Nyantende, alisema yule mama. Nilitoka jogoo wa pili, jua ilinikuta hapa na ndizi zangu.

Wakamkaribia wote, kwa sababu walikuwa wamekutana na mtu aliyetoka huko kulikokuwa kunabishaniwa. Kila mmoja alikuwa na swali. Njia iko namna gani? Iko pale pale. Kilima kimekauka? Kimekauka. Na ile jiwe ya kona ya mwisho?

— Ile? Tunaanikaka muhogo juu yake, alisema. Jiwe nzuri, inashika jua. Mwaka jana kuko motokari ilikuja kupanda juu yake. Muhogo wa muke wa mudogo wangu ulinuka mafuta mwezi muzima.

Nilimtazama Papa Cinq. Alikuwa nyuma ya gari, mlango mkubwa umefunguliwa juu ya kichwa chake, mkono juu ya gazeti lenye kikwembe. Hakugeuka. Nilitaka kumkonyeza yule mama, lakini alikuwa anaangalia kahawa yake.

— Ilikuwa siku ya maziko ya mzee Mushagalusa, aliendelea. Siku ile sitaisahau. Binti yake alikuja kwa miguu, peke yake, viatu mukononi, matope mpaka hapa. Bantu bamekwisha kuweka majembe chini. Alisimama pale kwa udongo. Mama yake akamuuliza: bwana yako iko wapi, iko mugonjwa? Akasema: hapana, amebaki kulinda motokari.

Alikunywa funda moja, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

— Wanawake tulikuwa pale wote. Mama yake akamuuliza: nani angeichukua? Binti alifungua mudomo, akafunga. Kweli, nani angeichukua? Ile kona iko na mbuzi tu. Na motokari yenyewe imemwaga mafuta, hata mwizi ataibeba na kichwa? Toka siku ile, tukipita pale na mizigo yetu, kila mara kuko mumoja anauliza. Nyinyi bantu ba mjini munajua mambo ya motokari. Muniambie, nikawaambie na wenzangu. Nani angeichukua?

Ingénieur alifungua mdomo, akaliangalia gari, akafunga. Douane aliinama kuokota kamba ya gunia, akaanza kuifunga fundo bila sababu. Kapita alikohoa. Nilimwona anatafuta methali, anatafuta kwa kweli, macho juu, midomo ikitikisika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa hata ile isiyofaa.

Mlango wa nyuma wa gari ulishuka taratibu. Haukupigwa, ulisindikizwa kwa mkono mpaka ukafunga.

Papa Cinq alizunguka gari akaja mbele ya yule mama. Gazeti lilikuwa kwapani.

— Shikamoo, maman.

— Marahaba, mutoto wangu.

— Unarudi sasa?

— Nikimaliza hii.

— Kwa miguu ni saa ngapi?

Yule mama aliangalia abacost, akaangalia viatu.

— Miye, saa tatu. Wewe na hizo viatu, tutasema nne.

— Tutafika kungali na jua?

— Tutafika wanawake wako banateka maji. Uko na nani kule?

Papa Cinq kwanza aliliangalia jiwe, namaanisha aliangalia upande ule wa mji ambako njia ya Nyantende inaanzia, na mimi najua aliona jiwe.

— Ile siku, alisema, nilibaki na motokari.

Yule mama alimtazama muda mrefu. Hakuomba radhi. Hakucheka pia. Alisukuma kikombe chake kwangu, akavuta kapu, akapitisha kamba kwenye paji la uso.

— Basi utamujibu mama mukwe mwenyewe, alisema. Miye siwezi kukubebea.

Papa Cinq alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akanigeukia.

— Maman Delphine, tafazali, unilindie...

Hakumaliza. Alisimama na ufunguo mkononi, kisha akauweka kwenye sinia, kati ya zile bulon tatu. Palikuwa na kahawa kidogo imebaki kwenye birika, nusu kikombe cha mashapo. Aliniomba. Nikammiminia. Alichukua kijiko, akatia sukari. Akatia kijiko cha pili. Akanywa akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayeogopa kukutwa.

Wakapanda mteremko, yule mama mbele na kapu lake tupu, yeye nyuma na gazeti lake. Hakugeuka kuliangalia gari. Kwenye kona ya juu alisimama kidogo, akainama, nikadhani amekwama na jiwe kwenye kiatu. Alikuwa anakunja suruali, isichafuke kabla ya kufika.

— Na zile viatu hafike, alisema Ingénieur baada ya muda. Soli iko nyembamba.

— Angetia soli ya pine, alisema Kapita.

— Ya quinze, alisema Douane. Angeinuka vidole tatu.

Hakuna aliyecheka. Ubao ulikuwa ukutani, magurudumu yalikuwa uchi pale chini, na hakuna aliyethubutu kuyarudishia ubao, wala aliyeyakalia. Nilikusanya vikombe. Kuna kitu nilitaka kumuuliza yule mama, yeye anayejua njia za miguu: kutoka hapa mpaka Kamituga ni siku ngapi. Lakini walikuwa wamekwisha kukata kona.

— Ongeza, Maman Delphine, alisema Kapita. Tuwaze vizuri.

Nilipindua birika mbele yao wote watatu. Tone moja lilianguka kwenye majivu.